Mpira Ukivuka Uzio

Mtaa wa Banksia 14, Armadale
Novemba 10, 2013

Mdogo wangu Wade,

Salamu zikufikie huko kusini uliko. Mimi na Tahlia ni wazima, shukrani, ila joto limetuanza mapema mwaka huu. Jana saa nne asubuhi rangi ya mlango wa gereji ilikuwa inanata kidoleni. Kaburi la mama nimelipalilia. Marija wa nyumba ya pili bado yu hai na bado ananung'unika, na paka wake Tito bado anazurura usiku kama mlevi aliyefukuzwa baa.

Mgeni wako amefika. Rafiki yako alimshusha garini Jumamosi, akanipa kamba, bakuli na nusu gunia la chakula, akaondoka bila kunywa hata chai. Kusema kweli kile kichwa cha mbwa wako kilinitisha. Lakini alipomwona Tahlia akalala chali, miguu minne juu, na mwanangu akamwangukia shingoni. Sasa Dizeli analala mlangoni pa chumba cha Tahlia na kukoroma kama marehemu baba.

Unajua mimi ndiye ninayeandika lile karatasi la mtaa, Jirani Mwema, tunalotia kwenye masanduku ya barua kila mwezi. Mwezi huu niliwaandikia wafugaji: mbwa asajiliwe na apigwe chipu ya utambulisho, uzio usiwe na tundu, kinyesi kiokotwe na mwenye mbwa na si na mvua, paka wafungiwe jua likitua. Marija akaja mlangoni na karatasi mkononi.

"Noelene, umeniandika mimi?"

"Marija, nimemwandika Tito."

"Tito hajui kusoma!"

"Basi msomee."

Siku tatu hajanisalimia. Lakini mwenye kuhubiri lazima naye atende, kwa hiyo Dizeli nimemsajili halmashauri, kwa jina lako na anwani yangu, na mbao zote za uzio nimezikagua kwa mkono wangu.

Sasa la moyoni. Mchungaji wa gereza lenu alinipigia simu. Aliniambia picha ya Dizeli ndiyo pekee uliyobandika ukutani. Yale uliyotaka kujifanyia mwezi wa nane, ulipokuwa mahabusu, sitaki kuyaandika. Nataka tu ujue kwamba mbwa wako yuko hapa na atakuwa hapa Septemba utakapotoka. Chumba cha nyuma ni chako.

Nakuuliza jambo moja, usinikasirikie. Kuna lolote ninalopaswa kulijua juu yake? Nina mtoto ndani.

Dada yako,
Noelene

Mjomba Wade, ni mimi Tahlia. Dizeli amekula soksi moja ya shule na mama hajui, usimwambie. Bibi Marija anamwita shetani halafu anamrushia mifupa. Nimeingia timu ya kriketi ya mtaa, mimi peke yangu msichana. Sijapiga sita bado, mpira wangu hauvuki mpaka.


Gerezani
Novemba 26, 2013

Dada Nolly,

Shikamoo, mkuu wa mtaa! Mimi sijambo, nimenenepa, maana hapa tunalishwa viazi vilivyopondwa mpaka vimesahau kwamba viliwahi kuwa viazi. Jamaa ninayelala naye chumba kimoja anaitwa Merv, ana miaka sitini, anaongea na mke wake usingizini na mke mwenyewe alikufa zamani. Simu siipendi: ukimwambia dada yako kwamba umemkumbuka, watu sita nyuma yako kwenye foleni wanacheka. Ndiyo maana naandika.

Nimeisoma barua yako mpaka imechanika kwenye mkunjo. Nimemwona Dizeli amelala chali. Dada, watu wote wamenipa kisogo. Deanne niliyeishi naye alinikimbia na fanicha zote. Wewe una maisha yako. Dizeli peke yake ndiye anayenisubiri bila kuniuliza swali.

Unauliza kama kuna la kujua. Lipo: anaogopa radi, na hapendi mtu mwenye kofia kubwa. Basi. Huyo hajawahi kumdhuru hata nzi. Mbwa ni kama mtu, haumi asipochokozwa. Mimi mwenyewe niko humu kwa kumpiga mlevi mmoja wa baa aliyenichokoza, na hakimu hakutaka kusikia kilichotangulia.

Tahlia mpwa wangu, siri ya soksi nitazikwa nayo. Ukipata mpira wa polepole usifumbe macho, upige kwa mwili wote. Nataka kusikia habari ya hiyo sita.

Mdogo wako mtiifu,
Wade


Mtaa wa Banksia 14
Januari 28, 2014

Mdogo wangu,

Habari za huko? Kheri ya mwaka mpya, ingawa imechelewa. Sisi tupo. Krismasi tulikula kamba baridi pale uani, Marija akaleta keki yake yenye pombe, joto likafika arobaini na mbili. Tahlia anakusalimu.

Barua hii nimeianza mara nne nikaichana. Niiseme tu. Dizeli hayuko nyumbani. Yuko kwenye mabanda ya halmashauri tangu Januari 4.

Unakumbuka utoto wetu, kriketi ya mwisho wa mtaa, pipa la taka ndilo wiketi ya kulenga mpira? Watoto wa hapa nao ni vilevile, na sheria ni ileile: mpira ukivuka uzio wa mtu umepata alama sita, lakini umetoka mchezoni, na aliyepiga ndiye anayekwenda kuufuata. Siku hiyo mpira uliangukia uani kwetu. Mtoto akaruka uzio kuufuata. Dizeli akamkamata mkono.

Mimi nilikuwa jikoni namenya viazi. Sitaki kueleza nilichosikia. Mtoto alipelekwa hospitali, akashonwa, na hospitali ikatoa taarifa kama sheria inavyotaka. Jioni hiyohiyo afisa wa mbwa akaja na gari lenye kizimba. Dizeli aliingia mwenyewe, mkia ukitikisika, alidhani anapelekwa ufukweni.

Halmashauri inataka achomwe sindano ya kulala asiamke tena. Nimekata rufaa. Afisa alinieleza wazi: kama ni mara yake ya kwanza, baraza la rufaa laweza kumrudisha kwa masharti, yaani banda la chuma uani, kizuia mdomo akitoka nje, na kibao chekundu langoni. Kama amewahi kuuma mtu kabla, hakuna mjadala. Nimemwambia ni mara ya kwanza, kwa sababu ndivyo ulivyoniandikia.

Usivunjike moyo. Namshughulikia.

Noelene


Gerezani
Februari 7, 2014

Dada Noelene,

Salamu kwako na kwa mpwa wangu. Mimi sina habari njema ya kukupa, tangu barua yako sijala vizuri. Merv amenipa biskuti zake na mimi nimemrudishia.

Mtoto wa nani huyo? Jina hukuniandikia. Alitafuta nini uani kwako? Mlango upo, kengele ipo, wewe upo jikoni, yeye anaruka uzio kama mwizi! Halafu akiumwa ni kosa la mbwa. Hicho kitoto kinataka viboko, na wazazi wake wachapwe mara mbili kwa kukilea bila adabu. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, si ndivyo mama alivyokuwa akituambia? Basi na walie.

Dizeli amefanya kazi yake. Ameona mtu anashuka kutoka juu ya uzio, amemshika. Mbwa gani asiyefanya hivyo? Mwambie afisa alichokozwa. Liandike hilo neno kwa herufi kubwa.

Dada, najua nimekufokea. Nisamehe. Lakini nikifumba macho namwona kwenye banda la saruji, anasikiliza hatua za kila mtu anayepita, anafikiri ni mimi. Akifa huyo, sijui Septemba nitakuwa natoka kwenda wapi.

Mbona Tahlia hakuniandikia mstari wake?

Wade


Mtaa wa Banksia 14
Machi 9, 2014

Mdogo wangu Wade,

Tumshukuru Mungu joto limepungua. Bomba la jikoni limepasuka, fundi amekuja mara mbili na amelipasua zaidi. Shangazi Beryl wa Kalgoorlie ameanguka bafuni lakini ni mzima, amevunja beseni, yeye mwenyewe hakuvunjika.

Tahlia yupo, shule imeanza na ana mambo mengi. Usimlazimishe kuandika.

Jina la mtoto sitakupa. Wazazi wake hawataki litajwe, na nakuomba uache kumtukana. Alikuwa anafuata sheria ya mchezo tu. Ungekuwa wewe ungeruka vilevile, na uliruka sana.

Naenda kumwona Dizeli kila Jumamosi. Hawaniruhusu kumtoa, nakaa nje ya wavu, namtilia vidole ananilamba. Amekonda. Wiki ya kwanza alibweka mpaka sauti ikamkauka, sasa habweki kabisa, anakaa tu ameelekeza uso kwenye mlango. Tahlia nilimpeleka mara moja. Alilia njia nzima ya kurudi na kuniambia, "Mama, hakujua. Mrudishe." Kila siku ananiuliza habari zake.

Kwenye Jirani Mwema nimeandika makala ndefu kuliko zote. Nilitaka kuandika kama kawaida yangu, mwenye mbwa fanya hivi, mwenye mbwa fanya vile, kalamu ikakataa. Nikaandika ukweli: kwamba mbwa wa nyumba yangu ameuma mtoto, kwamba uzio wangu ulikuwa mzima na cheti cha kumsajili kipo, na bado imetokea. Nikawaomba wanaomjua Dizeli waniandikie barua za kumtetea. Watu sita wameandika. Mwingine akaniachia langoni mfuko wa kinyesi. Marija alikuja mwenyewe.

"Andika," akasema. "Mimi nasema, wewe andika. Huyu mbwa ni shetani, lakini shetani mwenye heshima. Mimi nampa mfupa, yeye anachukua kwa ncha ya meno."

"Niandike neno shetani, Marija?"

"Andika! Nao wajue simpendelei."

Nataka na wewe uniandikie: ulimpata wapi, ulimlea vipi, amekaa na watoto gani. Na nafikiri kumtafuta Deanne, maana aliishi naye miaka miwili na ana mtoto wa kiume. Shahidi kama huyo baraza litamsikiliza.

Dada yako,
Noelene


Gerezani
Machi 23, 2014

Dada mpenzi,

Salamu, na pole kwa bomba, na pole kwa beseni la Shangazi Beryl! Nimecheka mpaka Merv akaamka.

Nimeambatanisha maelezo yangu, Merv amenisaidia maneno makubwa, aliwahi kuwa karani. Nilimpata Dizeli akiwa mdogo wa kukaa kwenye kofia. Nilimlea kwa mkono wangu. Kule Rockingham wezi walikuwa wanaturukia uzio kila wiki, kwa hiyo alijifunza kulinda, lakini ni mpole kwa watu wa nyumbani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu nimemlea vizuri.

Deanne usimsumbue. Yule mwanamke anazidisha kila kitu, ukimkanyaga kidole atasema umemkata mguu. Ana kinyongo na mimi, na kinyongo hicho atakimwagia mbwa. Achana naye kabisa. Nakuomba kama ndugu yako.

Na yule mwanaharamu mdogo aliyeruka uzio amepona? Naona hukusema. Sihitaji kujua, nauliza tu kwa ajili ya kesi: kama kidonda kimepona vizuri, liambie baraza kwamba lilikuwa jambo dogo.

Mwambie Tahlia anadaiwa barua na mjomba wake.

Wade


Mtaa wa Banksia 14
Aprili 19, 2014

Wade,

Salamu za Pasaka. Natumaini mmepewa chochote kitamu huko. Sisi tumekula samaki, tumekwenda kanisani, tumerudi. Shangazi Beryl anatembea kwa mkongojo.

Nilimpigia Deanne. Nilikuwa na uhakika atakuwa upande wetu, maana hata kama mmeachana, mbwa hakumkosea. Alisema tu atakuja. Alikuja Jumapili iliyopita na mwanawe Jai, mvulana mpole, miaka kumi na moja, umri wa Tahlia. Niliwapikia chai na mkate wa ndizi. Deanne hakugusa kitu.

"Noelene," akasema, "mbwa huyu ulipewa na Wade mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Na akakuambiaje?"

"Kwamba hajawahi kumdhuru hata nzi."

Akamgeukia mwanawe. "Jai, mwonyeshe shangazi."

Yule mtoto akapandisha kaptula. Kovu limeanzia juu ya goti mpaka karibu na nyonga, nyama imeingia ndani kama imechotwa kwa kijiko. Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema, "Mpira ulivuka, nikaruka kuufuata." Aliliangalia zulia langu wakati anasema.

Deanne anasema wewe ndiye uliyemfundisha. Anasema ulikuwa unajaza shati kuukuu matambara, unamtuma rafiki yako alirushe kutoka upande wa pili wa uzio, na Dizeli asipolikamata kabla halijagusa ardhi unamchapa kwa mnyororo. Jai alipoumwa uliwaambia waseme hospitali kwamba ni waya wa seng'enge. Ndiyo maana halmashauri ya kule haina kumbukumbu yoyote.

Alitaka kuniambia na mengine, yasiyo ya mbwa. Nikamkatiza. Nilimwambia nimemwita kwa habari ya mbwa tu. Akanitazama, akavaa koti, akasema, "Sawa, Noelene."

Kikao cha baraza ni Mei 14. Deanne hatakwenda kutoa ushahidi, anasema amekwisha kulia yake. Kwa hiyo anayeweza kuliambia baraza ni mimi. Nikikaa kimya, Dizeli anarudi nyumbani. Banda nimekwisha kuliagiza. Nikisema, anakufa.

Nakuuliza kwa mara ya pili, na safari hii nataka neno moja. Dizeli alimuuma Jai? Ndiyo au hapana. Ukisema hapana nitakuamini wewe, si yeye. Wewe ndiye ndugu yangu. Lakini niandikie hilo neno kabla ya Mei 14.

Noelene


Gerezani
Mei 5, 2014

Dada yangu mpendwa,

Salamu tele, na salamu kwa Tahlia, na kwa Marija, na hata kwa Tito mzururaji. Mimi ni mzima kabisa. Wametung'oa meno wiki iliyopita, daktari mmoja kwa wafungwa thelathini, alikuwa anang'oa kama anavuna karoti. La kwangu lilikuwa la nyuma, sitalikumbuka.

Timu yetu imefungwa tena, umeona? Watu wazima wanacheza kama wanaogopa kuchafua kaptula. Merv anasema atahamia timu ya mashariki, nimemwambia afadhali ahamie chumba kingine.

Nimepata kazi ya bustani. Nimepanda vitunguu, na mkuu wa bustani anasema nina mkono wa kuotesha. Nikitoka nitakufufulia ile bustani ya nyuma, tutaweka nyanya, tutaweka limau karibu na bomba. Feni ya chumba cha nyuma bado inafanya kazi? Kama haifanyi, usinunue, nitaitengeneza mwenyewe.

Kuhusu lile swali lako, dada, watu husema mengi. Ukianza kusikiliza kila anayekuja na mdomo hutalala. Wewe na mimi tumelelewa na mama mmoja, tumekula sahani moja. Damu ni nzito kuliko maji. Nakuachia wewe, najua utafanya lililo sawa kwa ajili yangu.

Afisa anayeshughulikia kuachiliwa kwetu atakuja kuikagua nyumba hivi karibuni. Mpe chai nzuri, mwonyeshe chumba. Na siku ya kikao mpelekee Dizeli blanketi langu la zamani, lile la buluu, asikie harufu yangu. Ni mimi na yeye tu, Nolly. Ni mimi na yeye.

Mwambie Tahlia mjomba anakuja.

Wade


Mtaa wa Banksia 14
Mei 27, 2014

Wade,

Barua yako ilifika Ijumaa kabla ya kikao. Nimeisoma mezani, nikaisoma tena garini nje ya shule, nikitafuta neno moja. Nimeona meno, nimeona vitunguu, nimeona feni. Mtu ambaye jibu lake ni hapana haandiki kurasa mbili.

Jumatatu nilikwenda halmashauri nikawaambia kuhusu Jai, na rufaa nikaiondoa. Walinipa siku ya Alhamisi. Nilimpelekea blanketi. Daktari aliuliza nani ataingia naye, nikasema mimi. Nilimshika kichwa mapajani. Kichwa kile kizito. Aliweka pua kwenye blanketi, akavuta pumzi ndefu, na alikuwa bado anaivuta sindano ilipoingia. Nimelia sana, Wade. Nimemlilia kuliko nilivyowalilia watu. Alifanya alichochapwa mpaka akakijua.

Sasa nikuambie nililokuficha. Yule mtoto, mwanaharamu mdogo wako, asiye na adabu, uliyetaka wazazi wake wachapwe viboko, ni Tahlia.

Ilikuwa zamu yake. Alipiga kwa mwili wote, macho wazi, na mpira ukavuka. Ilikuwa sita yake ya kwanza. Nilimsikia akishangilia barabarani. Sheria ni sheria hata kama uzio ni wa kwenu, na lango liko upande wa pili na wenzake walikuwa wanampigia kelele, akaruka. Dizeli alikuwa amelala kivulini. Mbwa aliyelala mlangoni pake miezi miwili! Aliona kitu kinashuka kutoka juu ya uzio, akakikamata kabla hakijagusa ardhi. Alipoinusa damu akajua ni nani, akamwachia, akajikojolea, akatambaa mpaka chini ya ngazi.

Mshipa wa mkono wa kulia ulikatika. Wamemshona mara mbili. Vidole viwili havikunjiki, na daktari anasema havitakunjika. Hakukuandikia kwa sababu hiyo. Anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko wake ni kama wa mtoto wa chekechea, na anaona aibu.

Nilikuficha kwa sababu ya mwezi wa nane. Nilifikiri ukijua utajimaliza. Kwa hiyo nilikuwa naketi kitandani kwa mwanangu nambadilishia bendeji, kisha naja mezani kukuandikia habari za beseni la Shangazi Beryl. Na kila ulipomtukana nilinyamaza. Hilo ni kosa langu na nitalibeba. Nilimpigania mbwa kwa ajili yako, na kwa ajili yake yeye, maana ndiye aliyenibembeleza. Nilikuwa nimemnunulia banda. Ningemrudisha, Wade, na kiangazi kingekuja, na mpira ungevuka tena. Na wewe ulikuwa tayari nimrudishe. Hukujua ni Tahlia aliyeumwa, lakini ulijua Tahlia anaishi hapa.

Mbwa hakujua ni nani anayeruka. Wewe ulijua mbwa ni nani, nikakuuliza mara mbili, na mara zote mbili ukanitania.

Nimemweleza Tahlia yote. Nilidhani atalia. Aliuliza tu, "Mjomba alijua?" Nikamwambia alijua. Akaenda chumbani kwake na kufunga mlango, na tangu siku hiyo hajalitaja jina lako wala la Dizeli.

Usiniandikie kueleza. Usiniandikie kwamba ulichokozwa.

Afisa wa kuachiliwa kwako alikuja juzi. Mwanamke wa makamo, mpole, ana viatu vya matope. Nilimpa chai nzuri kama ulivyotaka, nikamwonyesha chumba. Alitazama dirisha, akatazama kitanda, akaandika. Kisha akaona picha ya Tahlia kwenye korido, akaniuliza binti yangu ana miaka mingapi. Halafu akaniuliza kama, mbali na yule wa baa, umewahi kumpiga mtu mwingine yeyote, nyumbani au popote.

Miaka yote hii sijawahi kuuliza swali hilo. Deanne alipotaka kunijibu kabla sijauliza, nilimkatiza.

Nilimwambia afisa sijui. Nikachukua kalamu yake, nikamwandikia anwani ya Deanne.

Noelene